Nondo wa Mtongwe na Majina Yao

Leo ukipita Mtongwe jioni utaona taa za stima zimewashwa juu ya kila ukuta kwa kuogopa wezi, na chini ya kila taa vidudu viwili vitatu vinazunguka bila mtu wa kuvitazama. Vijana wanajua majina ya magari yote yapitayo njia ya feri, hata yale ambayo hawatayapanda maisha yao. Lakini mwulize mmoja wao mdudu aliyetua begani mwake anaitwaje. Atampangusa, akutazame kama uliyerukwa na akili. Lawama si yao peke yao. Kabla yao alikuwapo mtu mzima, mwenye kusoma na kuandika, aliyeyazika majina hayo kwa kalamu yake mwenyewe, na akaishi na aibu hiyo mpaka mwisho. Aliitwa Mwidani bin Tsuma.

Mama yake alifariki siku ya kumzaa. Baba yake, Tsuma, alikuwa mkwezi wa minazi, naye hakukaa sana duniani. Aliyemlea Mwidani ni shangazi yake, Bi Mwanamkasi, mwanamke mwembamba, mkavu, mwenye shamba la mihogo, mbaazi na kunde nyuma ya nyumba ya makuti, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka feri. Bi Mwanamkasi hakujua kusoma ila sura chache za sala, na hizo alizijua kwa moyo. Lakini alimpeleka mtoto chuoni kusoma Kurani, kisha skuli mpaka darasa la nne, na palipoishia skuli, Mwidani alijifunza mwenyewe. Kila karatasi iliyofungiwa sukari au tumbaku aliikunjua, akaipiga pasi kwa kiganja na kuisoma mpaka wino ukamwingia vidoleni. Hivyo ndivyo alivyopata Kiingereza, na kwa Kiingereza hicho akapata ukarani katika ofisi moja ya serikali upande wa kisiwani, iliyoshughulika na minazi na mikorosho.

Pale ofisini walimdhani mtu wa Mvita, mwana wa mji. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi, aliongea polepole na kutia maneno ya Kiarabu mahali ambapo hata hayakuhitajiwa. Hakuna aliyemwuliza kama yeye ni Mdigo, naye hakusema. Kila asubuhi alipopanda feri alikiacha Kidigo ng'ambo ya Likoni pamoja na baiskeli yake, na jioni akavichukua vyote viwili.

Mkubwa wa ofisi hiyo alikuwa Mzungu aitwaye Tidmarsh, ambaye makarani walimwita Bwana Timashi. Alikuwa mtu mpole, mwenye miguu mirefu ndani ya kaptula, na alikuwa na ugonjwa mmoja: kupenda nondo. Nyumbani kwake Nyali alikuwa na mtego wa taa, na alitaka mwingine kusini ya bandari apate kulinganisha. Mwaka wa 1958 akamwuliza Mwidani kama ana bustani. Mwidani akasema anayo. Jumapili iliyofuata mtego ukaja Mtongwe juu ya mkokoteni, na watoto wote wa mtaa nyuma yake.

Ulikuwa kitu chepesi. Karabai ilining'inizwa juu ya faneli kubwa ya bati, na faneli imeingia katika kasha la mbao. Nondo wakiifuata taa hujigonga, huteleza katika bati na kuangukia kashani, na kutoka hawajui. Ndani ya kasha Bwana alitaka ziwekwe karatasi za kukunjakunja ili wapate kujificha, lakini karatasi zililowa umande, na Mwidani akatia makumbi ya nazi. Makumbi yaliwafaa zaidi. Baada ya sala ya alfajiri alilifungua kasha, akatoa kumbi moja moja, akawahesabu waliolala katika nyuzi zake, kisha akaandika katika daftari: tarehe, upepo, mwezi ulikuwa wa siku ngapi, na nondo waliokuja. Wachache walitiwa katika chupa ya dawa wapelekwe kwa Bwana. Waliobaki aliwaachilia kwenye kivuli cha migomba.

Kila mstari wa daftari ulikuwa na safu ya mwisho iliyopigwa chapa: jina la wenyeji.

Wiki ya kwanza Mwidani alipeleka daftari ofisini, Bwana akalipekua na kuinua nyusi.

"Mwidani, hapa pote umeandika nondo."

"Ndiyo, bwana. Wote ni nondo."

"Huyu aliye kama kiganja, na huyu aliye kama punje ya mchele? Jina moja?"

"Ndiyo, bwana."

Bwana alicheka, wala hakucheka kwa ubaya. "Ajabu. Kwetu hata bibi wa kijijini ana jina la kila mmoja. Nilidhani lugha yenye salamu nyingi kama yenu ina macho pia."

Kwenye meza ya pili alikaa Gershom, mpiga chapa kutoka Maragoli, mtu wa mzaha usio na mwiko. Alicheka mpaka mashine ikanyamaza. Toka siku hiyo hakumwita Mwidani kwa jina lake. "Makarani," alikuwa akisema kila Jumatatu, "mpisheni mwenye nondo. Sisi tunalala, mwenzetu anakusanya nondo. Mwakani atamwaga zege, atapandisha orofa!"

Mwidani alicheka pamoja nao. Lakini kwenye feri jioni ile uso ulimwaka. Hakuudhiwa na Gershom; aliudhiwa na lugha yake mwenyewe. Alihisi kama mtu aliyekaribisha mgeni wa heshima, akafungua kabati, akakuta kikombe kimoja.

Sasa, asubuhi zote hizo Bi Mwanamkasi alikuwa hapo. Alikuja kwenye kasha kufukuza kuku, maana kuku walikwisha jua kuna karamu. Asubuhi ya kesho yake alisimama na ufagio wake, akachungulia na kusema kama asemaye habari za majirani:

"Kinyozi leo ni wengi. Mbaazi zitanyolewa."

Mwidani aliinua kichwa. "Nani?"

"Huyo wa kijivu. Wanawe ndio wanaonyoa majani ya mbaazi. Ukimwona yuwaja wengi hivi, siku kumi zijazo huna jani."

"Na huyu?"

"Hodi. Sikiliza usiku, hupiga mlango kwa mbawa mara tatu, hunyamaza, hupiga tena. Mvua i karibu. Bibi yako akimsikia Hodi alikuwa akiinuka kuanua mtama."

"Na huyu mkubwa, mweusi?"

Bi Mwanamkasi aliinama, akamchukua kwa vidole viwili bila kumpukuta unga wake. "Huyu Bi Kaniki. Akiingia nyumbani humfukuzi. Mwache atue ukutani, asubuhi atatoka mwenyewe. Yuwaja kuwatazama waliobaki."

Akaendelea, mmoja baada ya mmoja, mpaka kumi na mmoja. Mwanamke yule asiyejua alifu alikuwa na chuo kizima kichwani, na kila jina lilikuwa na kazi yake: huyu wa kupanda, huyu wa kuvuna, huyu wa kufiwa. Ndicho hasa kilichotafutwa na ofisi nzima ya minazi na mikorosho, kikasemwa bure na mtu aliyeshika ufagio.

Mwidani alikuwa ameshika kalamu. Aliona mbele yake meza ya Gershom, akaona Bwana akisoma kwa sauti, Kinyozi, Bi Kaniki. Kaniki, nguo nyeusi ya wanawake wanaolima. Ofisi nzima itajua ametoka katika nyumba gani.

"Shangazi," alisema, "haya si ya kuandikwa. Haya ni maneno ya kina mama wa shambani."

"Na mimi ni mama wa wapi?"

Bi Mwanamkasi alimweka Bi Kaniki juu ya jani la mgomba, akajifunga leso vizuri, akaenda zake kutwanga. Tangu siku hiyo aliendelea kuja kufukuza kuku, lakini Mwidani akimwuliza neno alisema, "Wewe ndiwe mwenye kalamu."

Basi mwenye kalamu akaanza kutunga. Kinyozi akawa Waziri wa Fedha-Safi. Hodi akawa Sultani wa Magharibi. Bi Kaniki, ambaye hata ukimgeuza huoni dalili ya kwato, akawa Farasi wa Yamani. Alikaa barazani jioni akiyapima maneno mdomoni kama fundi wa mashairi, na mwenyewe akayaona mazuri. Alipopeleka daftari la pili, Bwana Timashi aliinuka kitini, akampa mkono mbele ya makarani wote.

"Kwa nini ulinificha?"

"Ilinibidi niwaulize wazee, bwana," alisema Mwidani.

Ikaenda hivyo miaka minne. Majina yalifika sitini na mawili.

Katika mwaka wa 1962 kila mtu alijua kwamba Wazungu wanafunga mizigo. Mjini watu walibishana kama pwani ibaki na bara au isimame peke yake. Ofisini, Bwana Timashi alikuwa na haraka moja tu, kuchapisha orodha yake ya nondo kabla ya kuondoka. Gershom aliipiga chapa. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na shukrani kwa "Mwidani bin Tsuma, mjuzi wa Kiswahili," na Bwana alimpa nakala ya ukurasa huo aende nayo nyumbani. Mwidani aliusoma kwenye feri mpaka baharia akamgusa bega. Abiria wote walikuwa wamekwisha shuka.

Wiki mbili baadaye Bwana alimwita.

"Nimemwonyesha orodha mwalimu mmoja wa Mji wa Kale, mzee mwenye elimu. Anasema hajasikia hata jina moja katika haya. Sisemi umenidanganya. Lakini kitabu ni kitabu. Nikikosa uhakika, nitayaondoa majina, na ukurasa ule pia."

"Ni majina ya Likoni, bwana," alisema Mwidani. "Kisiwani hawayajui."

"Na huko Likoni nani ayajuaye?"

Mwidani akasikia kinywa chake kikisema, "Shangazi yangu."

"Vizuri sana. Jumamosi nitakuja kumsalimu."

Alikuwa na siku tatu za kumwambia. Ijumaa baada ya magharibi alimkuta akipukuchua kunde, akakaa karibu yake juu ya mkeka, akachukua na yeye mkono wa kunde.

"Shangazi, kesho tuna wageni. Bwana wangu wa kazini."

"Waje kwa heri. Nimwambie Mwanasaumu aumue unga wa mahamri?" Mwanasaumu alikuwa mke wa Mwidani.

"Naam, aumue."

"Wanakuja kwa la kheri?"

"La kheri. Mambo ya nondo."

Mzee alimtazama, akangoja. Mwidani alipukuchua kunde zake mpaka zikaisha, akasema ana usingizi.

Bwana Timashi alifika saa kumi, na Gershom nyuma yake amebeba orodha na sanduku la kioo. Bi Mwanamkasi aliwapokea vizuri. Bwana alipewa kiti, Gershom akakaa mkekani, yeye mwenyewe akakaa ukingoni mwa kitanda cha kamba, leso imemfunika mpaka kipaji cha uso. Chai ililetwa. Bwana alimwamkia shikamoo kama alivyofundishwa, na Bi Mwanamkasi akafurahi, akaitikia marahaba mara mbili.

Kisha sanduku likafunguliwa. Nondo walikuwa safu kwa safu, kila mmoja na pini mgongoni.

"Mmewatoboa," alisema Bi Mwanamkasi polepole.

"Ni kwa ukumbusho, mama," alisema Bwana. "Nataka kukuuliza majina tu. Huyu mkubwa mweusi. Nyinyi huku mnamwita Farasi wa Yamani?"

Bi Mwanamkasi alimtazama yule nondo. Halafu alimtazama mtoto wa kaka yake, na kwa mtazamo ule mmoja akajua yote: miaka minne, daftari, ukimya wa jana juu ya kunde.

"Naam," alisema mzee. "Ndiye."

"Na huyu? Sultani wa Magharibi?"

"Naam."

"Waziri wa Fedha-Safi?"

Hapo alisita kidogo, kana kwamba jina hilo lilikuwa kubwa mno kumezwa bila maji. "Naam. Huyo pia."

Bwana aliuliza saba, akatia alama saba kwa penseli. Alikuwa ameridhika. Ndipo Gershom, mdomo umejaa hamri, akaona pana nafasi ya mzaha.

"Mama, nyinyi watu wa pwani msipoapa hamjasema. Tupe wallahi moja, tuondoke nayo kisiwani!"

"Gershom, hakuna haja," alisema Bwana. Lakini penseli yake ilikuwa imesimama juu ya karatasi, na hakuifunga orodha.

Palikuwa na kitambo. Si kirefu; chai katika kikombe cha Bwana haikupoa. Lakini kilimtosha mtu kusema, shangazi, usiape. Kilimtosha hata kukohoa. Mwidani alimtazama kuku mmoja aliyekuwa akiparua chini ya mgomba, akamtazama kama ambaye hajawahi kuona kuku.

"Wallahi," alisema Bi Mwanamkasi. Kisha akasema, "Ongezeni chai."

Siku zile wallahi haikuwa ya kununulia samaki, kama leo ambapo mtu huapa mara ishirini akikuuzia viazi vilivyooza. Bi Mwanamkasi alikuwa amepindukia miaka sitini, na Mwidani hakupata kumsikia akiapa, hata siku aliposhtakiwa kwa uongo mbele ya kadhi juu ya mpaka wa shamba. Aliposikia neno lile likitoka katika kinywa kile kwa ajili ya Farasi wa Yamani, alitamani ardhi impe mlango.

Wageni walipoondoka alisubiri agombezwe. Hakugombezwa. Shangazi alikusanya vikombe, akatia udhu, akasali.

Jumapili adhuhuri Mwanasaumu alimfuata mumewe bustanini.

"Kuna nini na shangazi? Nimempelekea uji, kasema amefunga. Huu Mfunguo Tano, nyumba haina nadhiri wala deni la Ramadhani. Amefunga nini?"

Mwidani aliyesoma chuo alijua papo hapo. Akaenda akamkuta mzee amekaa kivulini, midomo imekauka.

"Shangazi, umefanya nini?"

"Nimeapa uongo. Nina siku tatu."

"Kafara ya kiapo ni kulisha maskini kumi. Kufunga ni kwa asiye na kitu."

"Na mimi nina kitu gani cha kulisha watu kumi?"

"Mimi ninacho."

"Unacho. Na hao kumi wakila, wakauliza kafara hii ya nini, utawaambia nini?"

Mwidani alitazama baraza ambako hao kumi wangekaa.

"Basi," alisema shangazi bila ukali. "Kufunga hakuna anayeona. Nimekusitiri jana, nikufichue leo kwa sahani ya wali?"

"Niache nifunge mimi."

"Kinywa kilichoapa ni changu, mwanangu. Nenda kale, chakula kitapoa."

Jumatatu alikwenda kazini. Bwana alimpa mkono tena, akamwambia orodha imekwenda kwa mchapaji. Gershom akasema, "Mjuzi wa Kiswahili, tuamkie!" Mara mbili Mwidani alifika mpaka kwenye mlango wa Bwana, na mara mbili akarudi na kuuliza jambo la mafaili. Alikuwa ameazimia asile kitu mchana ule. Saa nane njaa ilimshika, akashuka, akanunua muhogo wa kukaanga wenye pilipili, akaula amesimama, ameupa mgongo upande wa Likoni. Miaka mingi baadaye, katika mambo yote ya siku zile, muhogo ule ndio uliomchoma zaidi.

Kijitabu kilichapwa, na kipo. Wako wasomi leo wanaokifungua na kusema, tazameni Waswahili walivyokuwa na lugha tajiri, walimwita nondo huyu Farasi wa Yamani. Wanasema hayo wakiwa na miwani puani.

Jumanne Mwidani aliomba ruhusa ofisini. Alinunua mchele na nguru, akamwambia Mwanasaumu apike wali wa nazi, akapita mwenyewe nyumba kwa nyumba akitafuta maskini kumi. Aliwahesabu mara tatu wasipungue. Walikaa barazani kuzunguka sinia mbili, na mkubwa wao, Mzee Lewa, kipofu wa jicho moja mwenye kukumbuka kila kitu, akauliza kabla ya kutia mkono:

"Tuombe dua ya nani, Mwidani? Tujue tunakula nini."

Mwidani alikuwa ameyapanga maneno yake tangu alfajiri. Ni kafara. Shangazi yangu aliapa kwa ajili yangu, na mimi ndimi mwongo. Yalikuwa mepesi alipoyasema peke yake.

"Ya marehemu baba," alisema.

"Tsuma? Tsuma alikufa mwezi wa Rajabu. Nilichimba kaburi kwa mikono hii."

"Nimemwota, mzee."

"Aa. Kama umemwota." Mzee Lewa akainua mikono, na watu kumi wakamwombea Tsuma mkwezi, ambaye hakuwa na habari.

Shangazi alikuwa nyuma ya ukuta wa udongo, na ukuta wa udongo hausitiri sauti. Walipokwisha kuondoka, Mwidani aliingia na sahani iliyofunikwa kawa.

"Nimelisha kumi, shangazi. Fungua saumu sasa."

"Ulinuia nini ulipowalisha?"

Mwidani aliihamisha sahani mkono wa pili.

"Nimesikia umemwota ndugu yangu. Kwangu hajapita." Midomo yake ilikuwa na ufa, lakini kwa nusu nukta ilitaka kucheka. "Hiyo ni sadaka yake, Mungu amfikishie. Yangu haijatimia. Iweke hiyo sahani juu, paka asiifikie."

Akakaa mpaka adhana ya magharibi. Aliposhika kata ya maji, kata ilimgonga meno. Mwidani alinyosha mkono amshikie. Mzee aliutazama ule mkono, akaishika kata mwenyewe kwa mikono miwili, akanywa. Akala tende moja, akasema alhamdulillahi, na jambo lile kwake likaisha.

Kwa Mwidani halikuisha. Alhamisi alfajiri alikwenda kwenye kasha na daftari jipya ambalo halikuwa la ofisi. Hakufungua kasha. Alingoja mpaka mzee akaja na ufagio wake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba."

"Nipe majina. Kinyozi, Hodi, Bi Kaniki, hao ninawakumbuka. Waliobaki sikuwashika vizuri, na kumi na mmoja hawakuwa wote, najua hawakuwa wote. Nitawaandika kama utakavyosema, kwa Kidigo, vyovyote. Hata lisichapwe. Liwe langu tu."

Bi Mwanamkasi aliegemea ufagio. Siku tatu zile zilikuwa zimemwondolea nyama ya uso ambayo haikupata kurudi. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja na kitu, wala hakuiona bendera mpya.

"Nikikupa," alisema, "kutakuwa na vitabu viwili. Kimoja kina wallahi yangu. Cha pili kitasema Mwanamkasi ni mwongo, na mwana aliyemlea ni mwongo."

"Hakuna atakayekiona."

"Karatasi huonwa, Mwidani. Wewe umekuwa karani kwa karatasi walizofungia tumbaku watu wasiokujua."

Mwidani alilifunga daftari. "Basi niambie kwa mdomo. Sitaandika."

"Utaandika. Nakujua. Usiku utaamka uandike." Alisema bila chuki, kama mtu anayekataa kumpa mgonjwa maji kwa sababu daktari amekataza. "Nimelilipa neno lile kwa njaa yangu. Sina nguvu ya kulilipa mara ya pili."

Mwidani aliinama, akafungua kasha, kwa kuwa hapakuwa na jambo jingine la kufanya kwa mikono. Akatoa kumbi la kwanza. Juu yake alikuwa mmoja mdogo, wa rangi ya maziwa, mwenye doa jekundu kila ubawa, ambaye miaka yote minne hakupata kuingia mtegoni. Nondo yule alitambaa kwenye nyuzi za kumbi, akafika mwisho, akapanda kidole cha Bi Mwanamkasi aliyekuwa ameinama kutazama.

Uso wa mzee ulifunguka. Ilikuwa furaha ya mtu aliyemwona jirani wa zamani sokoni. Midomo ikajikusanya kutamka, na Mwidani, ameshika kalamu bila kujua, akasogea karibu asipitwe na herufi.

Bi Mwanamkasi akaiona kalamu. Akafumba kinywa. Alikipeleka kidole kwenye jani la mgomba, akangoja mpaka nondo yule ashuke mwenyewe.

"Nenda kavae," alisema. "Feri itakuacha."